Rejista Yangu na Maji ya Kinondo

Nakumbuka asubuhi niliyoshuka pwani ya Kinondo na rejista kwapani, nimefura kwa hasira, nikienda kuwafumania wanafunzi wangu kwenye uvivu wao. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa Mackinnon Road, huko bara, mtoto wa wafugaji, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nikapewa darasa la watu wazima. Usicheke, mwanangu, nilijiona msomi kweli kweli.

Darasa nililiweka saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Aliyekosa mara tatu nilimkata jina kwa wino mwekundu, na akirudi nilimwanzisha upya kwenye herufi ya kwanza. Wiki moja chumba kilijaa, wiki ya pili nilizifundisha kuta. Mwishowe nikamwandikia afisa wa elimu kwamba watu hawa hawataki kusoma, darasa lifungwe. Barua nilimkabidhi dereva wa basi la Likoni asubuhi hiyo hiyo.

Nilipofika ufukoni nikaduwaa. Bahari haikuwapo. Mimi nilikuwa nakaa kule juu kando ya barabara, habari za maji sikuwa nazo. Wallahi nilidhani kumetokea balaa. Palikuwa na miamba mitupu mpaka mbali, na huko, wameinama na vijiti vyao wakitafuta pweza, walikuwapo wengi wa wanafunzi wangu.

Karibu nami wanawake sita walikuwa wamechutama kumzunguka Bi Mwanakombo, mjane niliyemkata jina wiki ile. Alikuwa akiwaandikia mchangani, kwa kijiti cha pweza, somo nililowafundisha mwisho.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Mbona mko huku?"

"Marahaba, mwanangu. Si ni bamvua? Siku hizi maji hupwa mbali saa nne, saa tano, ndiyo kazi yetu. Yakishageuka twarudi kwako."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza, mwalimu. Kila tukija twakuta umeshatukata."

Kando ya somo alikuwa ameandika "Mwana", akakomea hapo. Alitaka kuweza kuandika jina lake kwenye hati ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, mbele ya shemeji zake, asishikwe mkono kupiga dole gumba. Kila mara nilipomwanzisha upya, aliishia hapo hapo, herufi za mbele hajazifikia.

Nilikimbia mpaka barabarani. Basi lilikuwa limeshaondoka na barua yangu. Nilipaswa kurudi ufukoni saa ile ile nimwandikie herufi zilizobaki, lakini niliona haya, sikurudi. Wiki haijaisha, amri ikaja kwamba darasa limefungwa na mimi nimehamishwa.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Kinondo mazishini, nikamkuta Bi Mwanakombo, mkongwe sasa. Alinikaribisha kwa kahawa, hakunilaumu hata kidogo, akaniletea ile hati niione. Pameandikwa "Mwana" kwa mkono wake, na pembeni pana alama ya dole gumba.

Sasa waniambia chuo kikuu kimekupa kazi ya kupanga upya masomo ya watu walio kazini, na kwamba wengi wao huacha katikati, mkawafuta kwenye orodha. Nimeshtuka, mwanangu. Nilidhani kosa langu lilikwisha pamoja na ujana wangu. Basi nisikilize. Kabla hujapanga saa ya somo, nenda wanakofanyia kazi uulize kazi yao huwaachia nafasi lini. Mtu akikosa, mfuate alipo kabla hujashika wino. Akirudi, mwanzishe pale alipoishia, usimrudishe mwanzo kana kwamba hakujifunza kitu. Na ukigundua umekosea, rudi siku hiyo hiyo, hata kama uso unawaka kwa aibu.

Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kuwafuata watu na subira ya kuwangoja. Na kila utakayemfundisha, Inshallah, alimalize jina lake.