Chungu Nilichokiosha kwa Maji ya Moto

Elimu ya vijidudu nilijifunza peke yangu, miaka ile ya Zaire, nikiwa karani wa ghala la reli hapa Kindu. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, cha shule za wauguzi. Nilikisoma kwa utaratibu, sura moja kwa wiki, kila neno gumu nikilinakili daftarini, bila kuruka ukurasa. Sura za mwanzo zilieleza viumbe wasioonekana kwa macho wanaoleta kuhara na homa ya matumbo, na jinsi maji ya moto yanavyowaua. Kufikia sura ya sita nilikuwa nachemsha vijiko, hata kitambaa cha kuchujia chai. Mke wangu alivumilia.

Jumamosi moja nilirudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaa na kuzibua mifereji, nikiwa bado na moyo wa usafi. Jikoni nikaona chungu cha mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi. Humo ndimo alimochachusha unga wa mikate yake ya mchele. Ndani kilikuwa na ukoko wa kijivu na harufu kali. Nilikikwangua, nikakijaza maji yanayochemka mara tatu, nikakianika juani.

Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake ana kwa ana. Aliporudi sokoni alikitazama chungu, akaketi, akamwita binti yake, ingawa mimi nilisimama hatua nne tu kutoka pale.

"Umuulize bwana yako, hii chungu iliua nani?"

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza iliua nani."

"Mwambie haikuua mtu. Lakini ule uchafu ulikuwa na vijidudu."

"Anasema ilikuwa na vidudu, mama."

"Vile vidudu njo vinainua mikate! Hii levire mama yangu alinipa kule Kasongo, siku ya ndoa yangu. Umuambie Maulidi iko Ijumaa. Watu wa musikiti watakula daftari yake?"

Mke wangu hakuhitaji kunifikishia hilo. Alikuwa anacheka.

Levire ndiyo hamira, na ile ya kopo ilikuwa imeadimika madukani. Wengine walichachusha kwa pombe ya mchikichi, lakini mikate ya Maulidi haiguswi na pombe. Kwa mara ya kwanza niliruka kurasa, nikafungua sura ya tisa, iliyohusu vijidudu vyenye faida. Hamira, kilisema kitabu, ni kiumbe hai. Huishi kwenye maganda ya matunda na nafaka, hula sukari, hutoa hewa, na hufa katika maji yanayochemka. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili.

Siku hiyohiyo nilikoroga unga wa mchele na maji, nikagawa sehemu mbili. Moja niliitia katika chupa pamoja na ganda la ndizi mbivu, nyingine katika chungu kilekile. Asubuhi na jioni niliandika nilichokiona. Jumatatu chupa ilitoa povu. Chungu kilikaa kimya mpaka Jumatano, kisha nacho kikaanza kutoa mapovu madogo. Kama viumbe hao walijificha katika vitundu vya udongo, au waliingia na unga, sikuweza kujua, na sijui hadi leo.

Mama mkwe alinusa vyote viwili.

"Ile ya ndizi iko na haraka," alimwambia binti yake. "Hii ya chungu njo yangu. Ninaijua."

Mimi nisingeweza kuapa. Yeye aliapa.

Ijumaa mikate iliumuka, ikaenda msikitini katika sinia mbili, na sinia zikarudi tupu. Jumatatu mke wangu aliniletea kikombe cha chachu kilichofunikwa kwa jani.

"Mama anasema hii njo yako ya kusoma. Chungu uache."

Nilikipeleka hospitali, kwa fundi wa maabara niliyefahamiana naye. Aliweka tone chini ya hadubini. Niliwaona: wa mviringo, wengi, na mmoja ubavuni mwake alikuwa akichipua mwingine mdogo. Nikakaa pale nikiwahesabu mpaka fundi akaniomba kiti chake.