Punda Aliyefukizwa Udi

Mara ya kwanza alipomleta punda wake, nilimnusa kabla sijamwona. Ua wa kliniki yetu ya mifugo hapa Amu una harufu zake, na marashi hayamo. Nilipotoka nje nilimkuta mwenyewe, mchukuzi wa mchanga na mawe ya ujenzi, amevaa kanzu safi. Punda wake jike alikuwa amekoshwa kwa sabuni, ananukia udi, na kidonda cha begani kimesuguliwa mpaka kimekuwa chekundu.

"Bwana," nikamwambia, "umeniletea mgonjwa au bi harusi?"

Hakucheka, akanieleza shida yake. Kidonda kile, na kingine kidogo pembeni mwa jicho, vilikuwa na miezi havifungi. Wenzake wa gatini walishaamua kuwa anampiga mnyama. Walimpa mpaka Ijumaa: athibitishe kuwa ni ugonjwa, la sivyo asipakie tena mzigo pale. Mtaani walikuwa wakimpita bila hata kumwamkia, na katika mji huu ni afadhali mtu akutukane.

Mimi ni mpimaji wa maabara, na kazi yangu hasa ni minyoo. Ya mbuzi, ya kuku, ya paka wa vichochoroni, hata ya wanyama wa mwituni wanaookotwa wamekufa upande wa Mokowe. Naipenda kazi hii na sioni haya kusema hivyo. Watu wakitazama mnyoo huona uzi mweupe tu, yakaisha. Mimi hutazama mdomo, kama una meno au hauna, kisha mkia, umejikunja au umenyooka, maana humo ndimo ukoo wake ulimo.

Hapa nilishuku mnyoo mmoja wa tumboni mwa punda. Watoto wake hutoka na kinyesi, funza wa nzi wakawala. Funza akishakuwa nzi na kutua penye kidonda, huwaacha pale, nao hukaa humo wakiwasha na kukichokonoa kisipone. Lakini kushuku si kujua. Bila kumwona mnyoo mwenyewe, ningekuwa mtu mwingine tu mwenye maneno, na maneno gatini yalikuwa tele.

Nikakwangua kidonda, nikatazama kwa hadubini. Hakuna kitu. Nikamwambia arudi kesho yake, na asimwoshe. Akarudi: sabuni, marashi, udi.

"Si nilikwambia usimwoshe?"

"Bi, nikuyie na utafu? Weye ni mtoto wa watu."

Aliona haya kunijia na uchafu. Nilikasirika kweli kweli. Adabu yake ndiyo iliyokuwa ikimmaliza, kwani kila alichokuwa akikisugua kwa heshima yangu ndicho nilichokuwa nikikitafuta. Kumfokea zaidi hakungefaa kitu, mtu aliyelelewa hivyo hawezi kumpeleka mgonjwa mchafu kwa mwanamke aliye kazini. Nikaamua kumwendea mwenyewe.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, nikapiga hodi kwake. Alitoka na ndoo mkononi, tayari kwenda kisimani.

"Bi! Ngoja kwanda, nimkoshe mara moya."

"Weka ndoo chini, Bwana."

Akaiweka, uso umemwiva kwa haya. Punda alikuwa amefungwa ukutani, na hatua chache kutoka pale lilikuwa jaa ambako mtaa mzima ulimwaga kinyesi cha punda wao. Nzi walikuwa wameshaamka kabla yetu. Kidonda chenyewe kilikuwa na punje za manjano, ngumu, kama chenga za mchele. Nikakwangua kwa kina, punda akanipiga teke la paja, nikaendelea.

Asubuhi yote nilitazama kioo baada ya kioo. Macho yaliniuma, chai ikapoa, nikakataa kuinuka. Mwishowe kikajinyonga kitu chembamba, kiangavu kama maji. Nikakifuata mpaka mkiani, na pale mwisho palikuwa na kifundo kidogo chenye vijimiba. Ndiye! Nilipiga ukelele peke yangu, na sijali aliyesikia.

Ijumaa niliibeba hadubini mpaka gatini, nikaiweka juu ya kreti la soda mahali penye mwanga. Wale wanaume wakainama mmoja mmoja. Niliwaambia hakuna fimbo iliyofanya vile, ni nzi, na nzi wale wanazaliwa kwenye jaa lao wote. Wengine wakaanza kutazama miguu yao. Mmoja, aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote, akamgeukia mwenye punda akamwamkia: "Sabalkheri, Bwana."

Mwenye punda akampita. Aliinama kwenye hadubini, akakaa pale muda mrefu kuliko wote. Alipoinuka alinitazama mimi.

"Si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Nalianda kuwaamini, Bi, kuwa ni mimi. Kila nikiregea nyumbani, hukaa nikiitazama mikono yangu."