Kikombe cha Togwa, Kitanga

Mwajabu, mpima maji wetu, hajui kukataa, na hilo ndilo lililomponza. Mimi Nestori, dereva wa ofisi ya maji Kasulu, nimemwendesha tangu alipohamishiwa huku kutoka Tanga, kwa hiyo nasema nililoliona.

Mwaka 2013 tulikwenda Kitanga kuchukua sampuli. Juu ya chemchemi yao kuna ghala bovu ambako zamani zilifukiwa dawa za mashamba, na kinamama walilalamika maji yananuka. Maabara yetu inapima vijidudu na chumvi. Sumu ya dawa mpaka Dar es Salaam. Mwajabu akachota udongo, akajaza maji chupa za kioo, akazifukia kwenye barafu tuliyonunua kwa wauza samaki wa migebuka. Kisha akawaambia, "Msinywe maji haya mpaka majibu yarudi. Chukueni ya mtoni." Mto uko mwendo wa saa mbili. Waliguna, wakakubali.

Tukiwa tunaondoka, Mama Immakulata, jirani wa chemchemi, akatuita ndani. Akaleta togwa aliyoipika jana yake kwa maji yaleyale. Akaonja kwanza yeye, ndiyo desturi ya huku, mgeni ajue hakuna sumu, ndipo akampa Mwajabu. Sasa hapo utakataaje? Ukirudisha kikombe mwenyeji akishaonja, umemwita mchawi, na majirani wamejaa mlangoni wanakutazama. Mimi nilisingizia tumbo, mwanamume mzima, na aibu ninayo mpaka leo. Wanasema heshima si utumwa. Waje Kitanga waone. Mwajabu akanywa nusu kikombe.

Njiani nikamwambia nusu kikombe hakiui mtu.

"Sihofii tumbo langu, Nestori."

"Basi turudi ukawaeleze."

"Niwaeleze nini? Kwamba togwa ya mama ni sumu? Karatasi sina."

Karatasi ilichukua wiki sita. Dawa imo, kwenye maji na kwenye udongo. Tulipofika tena Kitanga, ndoo zilikuwa zimepangwa chemchemini, na anayekinga alikuwa Odilia, binti wa Mama Immakulata, mwenye mimba ya miezi minane. Mwajabu akamwuliza Mama Immakulata kwa nini wamerudi kuyanywa.

Mama hakuwa na hasira hata kidogo. Alishangaa tu kuulizwa.

"Mtoni tulikwenda siku moja," akasema. "Lakini mwanangu, si wewe ulituonjea?"