Mkalimani Humsimamisha Mhubiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mwenye ufunguo. Ofisi ilikuwa ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la vifaa vya ofisi la Bwana Maganlal, nami nikaketi ngazini nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, nikisikiliza vibarua wakishusha katoni za karatasi. Mratibu wa Mradi, ambaye ndiye angekuwa bosi wangu, alipanda ngazi mbili mbili. Alifungua mlango, akanipa kitabu kinene cha Kiingereza, kisha ndipo akakumbuka kunisalimu.

“Kerubo, kitabu ni kikubwa na mimi niko na haraka,” alisema. “Usiniletee maswali. Niletee Kiswahili.”

Nikajibu, “Sawa, bosi.” Lakini nilijua amri hiyo itanishinda, maana nimezaliwa katika nyumba ya maswali.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine zinazowapa tafsiri kabla hamjamaliza kupiga chafya. Sisi wa miaka ya tisini tulikuwa na kamusi chakavu, kalamu nyekundu na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma isije ikaingia vumbi. Mradi wetu ulipeleka kompyuta katika zahanati za Kisii na Nyamira, zikiwa na programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Ilikuwa programu huria, yaani walioiandika waliacha wazi maandishi yake ya ndani ili yeyote ayasome, ayarekebishe na kuwagawia wengine. Mwongozo wake, kile kitabu kinachoeleza namna ya kuitumia, ulikuwa huria vilevile. Kazi yangu ilikuwa kuutia Kiswahili, kwa kuwa katika zahanati moja ungemkuta mganga Mluo, karani Mkisii na dereva Mkamba.

Ufundi wenyewe sikuupata chuoni. Niliupata kwa Tata, yaani baba yangu, mkulima wa chai kule Nyacheki, ambaye siku ya Sabato alikuwa mkalimani wa kanisa. Mhubiri mgeni alitamka maneno machache, Tata akayageuza kwa Ekegusii, lugha yetu, mgeni akaendelea. Pale asipoelewa, Tata aliinua mkono mbele ya watu wote na kusema, “Pastor, hapo sijashika. Rudia.” Kanisa zima lilisubiri, na hakuna aliyeona kuwa amekosa adabu. Aliniambia mkalimani anayebuni asichokielewa anawalisha watu mawe.

Kuna Sabato ambayo hadi leo inanichekesha. Mgeni alisema, “Simameni,” Tata akageuza, na kanisa lote likasimama, wazee kwa watoto. Ndipo mgeni akamalizia: “Wale ambao hawajabatizwa.” Wazee waliobatizwa zamani walibaki wima wakitazamana, hawajui kama kuketi sasa ni dhambi. Sisi tuliolelewa kwa mkalimani ndivyo tulivyo. Neno likitoka, tunalitenda, hatungoji mwisho wa hotuba.

Nikaifanya tabia hiyo kuwa kipimo cha kazi. Kila nilipomaliza ukurasa, nilimwomba mwenzangu akae mbele ya kompyuta, nikamsomea sentensi moja, naye akaitenda papo hapo kabla sijasoma inayofuata. Tulikiita kusoma na kutenda. Sentensi iliyomfanya mtu akune kichwa niliiandika upya. Na kama kosa lilikuwa katika Kiingereza chenyewe, niliwaandikia waandishi wa programu huko ng’ambo na kuwauliza walimaanisha nini. Mratibu alinung’unika, lakini tafsiri zilipotoka safi alinyamaza. Alikuwa mkali, ila hakuwa mtu wa kukataa kitu kizuri.

Barua pepe zenyewe zilikuwa kibarua. Laini ya simu na kompyuta ya kuzipokelea vilikuwa vya Bwana Maganlal, dukani chini, na modemu, kile kijisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, ilipiga kelele mpaka wateja wakashtuka. Mkewe akiinua simu nyumbani, mawasiliano yalikatika.

“Kerubo, pole, ngoja kidogo,” Bwana Maganlal angeniambia. “Mama anaongea na dada yake Kisumu. Leo habari ni ya harusi, itakuwa ndefu.”

Basi ningengoja, nikinywa chai yake yenye tangawizi.

Mtihani mkubwa ulitokea Nyamarambe. Karani wa zahanati huko alikuwa binti mpole aitwaye Yunuke, aliyekuwa akiwasomesha wadogo zake kwa kazi hiyo. Umeme ulipotea, kompyuta ikagoma, na rekodi za chanjo za watoto zikapotea. Yunuke hakuogopa, kwani alikuwa na nakala ya akiba kwenye disketi, kile kisahani cha kuhifadhia kazi ya kompyuta. Akafungua mwongozo, sura iliyotafsiriwa kabla sijaajiriwa, tena kwa uaminifu kabisa kufuata Kiingereza. Nesi akamsomea, yeye akatenda. Ingiza disketi: akaingiza. Iandae disketi kwa kuandika amri hii: akaandika. Nesi akafungua ukurasa wa pili, na hapo ndipo palipokuwa na tahadhari: kuandaa disketi hufuta vyote vilivyomo, kwa hiyo tumia disketi tupu, usiandae ile yenye nakala ya akiba.

Tulipofika mimi na Mratibu, Yunuke alikuwa amesimama kando ya meza, macho yamevimba.

“Mimi nilifanya vile kitabu ilisema,” alisema kwa sauti ndogo.

“Kitabu ilisema usifanye!” Mratibu akafoka. “Mtu hasomi mpaka mwisho? Wewe si wa kukaa kwa mashine. Mwisho wa mwezi unaenda nyumbani.”

Rekodi zilikuwa na dawa. Akina mama walikuwa na kadi za kliniki nyumbani, nasi tungeziomba na kuingiza upya. Ni Yunuke aliyekuwa hana dawa. Moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma mdomo haukai.

“Bosi,” nikasema, “hapo sijashika. Hebu keti, nikusomee.”

Alinitazama vibaya, lakini aliketi. Nilichomeka disketi yangu yenye maneno ya nyimbo za kwaya, nikamsomea ukurasa uleule kama nilivyozoea, sentensi kwa sentensi. Vidole vyake vikaandika amri ile. Nilipofungua ukurasa wa pili, nyimbo za kwaya zilikuwa zimekwisha kwenda zake. Akajikuna kidevu.

“Hata wewe ungefukuzwa, bosi,” nikamwambia.

Akacheka bila kupenda. “Sawa. Waandikie wenye kitabu. Wakikubali kwamba makosa ni ya kitabu, msichana abaki. Wakikataa, anaenda.”

Siku zilizofuata nililala vibaya. Nilimwandikia Mtunza Mwongozo, ndivyo tulivyomwita yule aliyekusanya marekebisho yote ya kitabu. Nikamweleza yaliyotokea na kumwomba ahamishe tahadhari iwe mbele ya tendo. Jibu lake la kwanza lilinivunja nguvu. Aliuliza kwa upole kwa nini mtu atende kabla ya kusoma sura nzima. Mwisho wa mwezi ulikuwa unabisha hodi, na Bibi Maganlal alikuwa bado ana harusi ya kuzungumza.

Nilipopata laini, nilimwandikia habari ya Sabato ile, wazee waliosimama wasijue kama waketi. Nikamwambia kwamba kwetu kitabu ni kama mhubiri, na mtu aliye katika shida hutenda lile neno lililo mbele yake. Anayejua kuna shimo njiani hulitaja kabla mwenzake hajainua mguu.

Jibu lilikuja kukiwa kumesalia siku chache. Bwana Maganlal mwenyewe alipanda ngazi akihema, karatasi mkononi. “Soma, Kerubo, soma!” Mtunza Mwongozo aliandika kwamba amecheka, kisha akaona aibu, kwa sababu hata yeye husoma hivyohivyo mashine inapomharibikia. Kosa lilikuwa la kitabu. Alitaka nimpe maneno mapya na jina la mtu wa kushukuriwa.

Maneno niliyompa yalikuwa mepesi: “Kabla hujagusa disketi, hakikisha si ile yenye nakala yako ya akiba. Hatua inayofuata itafuta kila kitu.” Yaliingia katika Kiingereza, na kutoka hapo katika lugha nyingine zote za mwongozo ule. Fikirini hilo, watoto wangu. Mtu wa nchi nisiyoijua aliokoa disketi yake kwa sababu ya jambo lililotokea Nyamarambe! Nilijivuna, na bado najivuna, wala siombi radhi. Na kwenye shukrani, jina nililotuma lilikuwa la Yunuke.

Mratibu alitimiza ahadi. Alikwenda mwenyewe kumwambia, na niliambiwa alimsalimu kabla ya kusema neno lingine.

Baadaye nilihamishiwa Sironga kufundisha makarani, nikamchukua Yunuke awe msaidizi wangu. Nilimfundisha kutafsiri, na kabla ya yote nilimfundisha kuinua mkono, jambo lililomchukua muda mrefu kuliko kompyuta. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema, lakini aliyewahi kufokewa huona swali ni mzigo mzito. Tulifanya kazi pamoja mpaka nywele zangu zikawa nyeupe.

Waliponiaga nilipostaafu, mgeni wa heshima alitoka ng’ambo, na Yunuke ndiye aliyemkalimania ili ndugu zangu kutoka Nyacheki waelewe. Mratibu, naye mstaafu wa siku nyingi, aliketi mstari wa mbele na fimbo yake. Mgeni alianza vizuri, halafu akaingia katika sentensi ndefu yenye maneno makubwa makubwa, isiyo na mlango wa kutokea. Nikauona mkono wa Yunuke ukipanda, taratibu, mbele ya wakubwa wote.

“Samahani, mgeni wetu,” alisema. “Hapo sijashika. Rudia.”

Ukumbi mzima ukasubiri. Mratibu aligeuka kunitazama, na machozi yakanitoka waziwazi. Mgeni alifikiri kidogo, akarudia kwa maneno machache, na safari hii hata mimi nilielewa kwamba alikuwa akinisifu.