Siku Ndama wa Shule Alipovimba Jukwaani

Nimesoma, nimefundisha miaka mingi, na wanafunzi wangu wa zamani hunishikia mkoba sokoni bila kuombwa, lakini nikikutana na mtu yeyote aliyekuwapo Karatu siku ile ya wazazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, haya hunipanda usoni kabla hajanijulia hali, maana najua hanioni mimi, anamwona kichaa mwenye nywele za mkonge anayecheka peke yake huku ndama wa watu akikata roho.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi na kupangiwa kufundisha kemia katika shule ya bweni, na katika darasa langu la kidato cha pili alikuwamo msichana mmoja wa Kimaasai kutoka Olbalbal, jina lake Nashipai, ambaye ukimwonyesha jambo mara moja hulazimiki kulirudia. Wiki mbili kabla ya siku hiyo ya wazazi baba yake, Mzee Parsaloi, alituma salamu kwamba atakuja kama wazazi wengine, ila atakapoondoka ataondoka na binti yake, kwa kuwa mume ameshapatikana. Mwalimu mkuu alinishauri niketi na mzee tuzungumze kwa adabu. Mimi, kwa ujuaji wa ujana, nikaona mazungumzo ni kitu kidogo mno. Nikaamua kwamba mchezo wa kuigiza utamshawishi kuliko ulimi wangu.

Chuoni nilikuwa nimezisoma kwa pupa zile hadithi za mtaalamu mwendawazimu (bila shaka mnamjua: nywele zimesimama, koti jeupe, hana mke wala jirani, na hucheka pasipo mtu kumchekesha). Nikamleta Karatu, nikambatiza Dokta Zidisha, nikampa tamaa ya kutengeneza dawa ya kumkuza ng'ombe awe mkubwa kama mlima Oldeani ili kiangazi kisimkute mtu bila maziwa. (Ni wapi katika habari hiyo mzazi wa Kimaasai angepata sababu ya kumwacha binti yake asome sayansi, msiniulize, nilikuwa na miaka ishirini na minne.) Mwanafunzi aliyepangwa kuwa Dokta alipata matumbwitumbwi siku ya mwisho, basi koti nikalivaa mimi, nikajibandika nyuzi za mkonge kichwani, nikajipaka unga kwenye nyusi na masizi chini ya macho.

Mpaka hapo hakuna aliyedhurika. Tulikuwa na ng'ombe wetu wa makaratasi, amepakwa rangi vizuri tu. Lakini asubuhi ile nilimtazama nikamwona hana uhai, nikasema tumtumie ndama halisi, yule wa mradi wa shule wa kujitegemea, dume la miezi saba lenye sauti kama tarumbeta. Ili anyamaze nikamlisha majani mabichi ya maharage kutoka shamba la shule, yenye umande wake, kumbatio baada ya kumbatio. Mzee Tluway, mlinzi wa mifugo yetu, alisimama kando akaguna.

"Mwalimu, hayo yanatosha."

"Mwache ale, mzee wangu. Leo na yeye ni mgeni rasmi."

Jukwaa letu lilikuwa baraza la bwalo, wazazi wakikaa uwanjani. Nikatoka na chupa ya dawa (chai ya rangi iliyopoa), nikamnywesha ndama vijiko viwili, nikainua mikono juu na kupaza sauti: "Kua! Kua, mnyama wangu!" Kisha nikaachia kile kicheko nilichokifanyia mazoezi wiki nzima. Watu wakavuta pumzi kwa mshangao. Nikaona nimewapata, nikacheka zaidi. Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wengine wakipiga makofi, na mama mmoja akapiga kelele, "Anakua kweli! Jamani, anakua!" nami, ambaye uso wangu ulikuwa kwa wazazi na mgongo kwa ndama, nikaamini kabisa kwamba kipaji changu ndicho kilichowafanya waone kisichokuwepo.

Ndipo mzee mmoja mrefu mwenye lubega nyekundu akapanda ngazi za baraza na fimbo yake. Uwanja ukalipuka kwa shangwe, kwa kuwa wote walidhani naye ni mwigizaji, tena wakaona anaigiza vizuri kuliko mimi.

"Wewe! Acha kucheka! Ng'ombe anakufa!"

Nikageuka. Ubavu wa kushoto wa ndama ulikuwa umepanda juu ya uti wa mgongo, umekaza kama ngoma, na ulimi uko nje. Nikamtambua mzee kwa sababu Nashipai, aliyekuwa pembeni katika mavazi ya muuguzi wa Dokta, aliinamisha kichwa kumwamkia kwa desturi yao. Naye akamgusa utosini haraka bila kumtazama, macho yote kwa mnyama.

"Amekula nini?" Mzee Parsaloi akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. Mwalimu mkuu alikuwa mstari wa mbele, Mzee Tluway alikuwa amekaza midomo kama mtu aliyeapa kutonisaliti, na baba niliyetaka kumwonyesha faida ya elimu alikuwa anasubiri jibu.

"Majani ya maharage," nikasema. "Yenye umande. Nilimlisha mimi."

"Mengi?"

"Mengi sana, baba."

Sasa ndipo wazazi wakacheka, na safari hii hakukuwa na mchezo ndani yake. Mzee Parsaloi hakucheka. Alivunja kipande cha fimbo yake, akakikingamisha mdomoni mwa ndama kama lijamu ili atafune na kucheua, akaniamuru nipandishe miguu yake ya mbele kwenye ngazi ya mlango wa bwalo. Nikapandisha. Akakanda ubavu, hewa haikutoka. Akakanda tena, na jasho likaanza kumtoka.

Na hapo, nikiwa nimekumbatia miguu ya ndama huku unga ukiniingia machoni, mwalimu wa kemia aliyekuwa amejificha ndani ya yule kichaa akazinduka. "Baba, tumboni si hewa tu, ni povu. Majani yale hufanya povu, na povu haliwezi kucheuliwa. Mafuta yatalivunja."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia."

Alinitazama kuanzia mkonge hadi viatu. "Wewe ndiye uliyempa maharage."

"Ndiyo. Na mafuta yatalivunja."

"Leta."

Shule nzima ilikuwa na chupa mbili tu za mafuta, yaliyotafutwa mwezi mzima (mnakumbuka uhaba wa miaka ile) kwa ajili ya pilau ya wageni. Mpishi alinipa moja huku akilia kama amefiwa. Tukamnywesha ndama polepole, mzee akishika taya, mimi nikimimina, Nashipai akikanda ubavu. Tukangoja. Kisha ndama akacheua, cheuo refu, zito, lenye harufu ya shamba zima la maharage, moja kwa moja usoni pangu, na ubavu ukashuka mbele ya macho ya watu kama mpira uliotobolewa. Uwanja ulipiga vigelegele ambavyo mwigizaji yeyote angevitamani.

Mzee Parsaloi akafuta mikono kwenye lubega. "Hiyo ya povu, ulifundishwa wapi?"

"Chuoni, baba."

"Na huyu msichana atafundishwa?"

"Hiyo, na nyingine nisizozijua mimi."

Akaiokota fimbo yake. "Yule mwendawazimu wako ana dawa, lakini ng'ombe hamjui. Binti yangu ng'ombe anamjua tangu anatambaa. Basi mpe hiyo dawa." Halafu akaniondolea nyuzi za mkonge kichwani, kwa upole wa baba, akanitemea mate kidogo utosini, baraka ya wazee wao, na akaenda kukaa kula pilau iliyopungukiwa mafuta kama wageni wengine wote. Jioni aliondoka peke yake.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili, na yote nimeyashika: simwigizi mtaalamu ambaye hana jirani wa kumuuliza, na simlishi mnyama wa mtu hata jani moja. Mwalimu mkuu alitaka niongeze la tatu, kuhusu mafuta ya kupikia, nikakataa.