Mmbea wa Mlimani

Jamaa anayetupandisha mlimani hatangulii mbele. Anakaa nyuma, mikono mgongoni, anauliza maswali. Umeoa? Kwenu mnapikia gesi au mkaa? Mimi nikajua mmbea tu. Shangazi yangu, aliyeisubiri safari hii tangu astaafu, akaona amepata msikilizaji: msitu mzima anamsema mkwe wake. Kila mwinuko jamaa anainamisha kichwa, "Enhe mama, mkwe akasemaje?" Kilele kikiwa pale pale, shangazi akaanza, "Akaniambia... mimi..." akakwama. Jamaa akampokea mkoba. "Mama, tunashuka."

"Kilele si hicho hapo, baba!"

"Hakiendi popote. Wewe maneno mawili tu yamekushinda."

Nikamtazama shangazi, midomo imeshakuwa ya kijivu. Kumbe siku nzima yule mtu hasikilizi umbea, anasikiliza pumzi. Kushuka, akamuuliza mara tatu mkwe alisemaje. Shangazi kanuna. Tulipofika kijitoni akalipuka kwa mkupuo mmoja: "Akaniambia eti mimi ndiye niliyemdekeza binti yangu mpaka hajui hata kukunja shuka! Mimi!"

Jamaa akavua kofia, akakaa juu ya jiwe. Hakuuliza swali lingine.