Kibarua wa Ndani ya Simu

Mume wangu Eliasi alikuwa mnyapara wa wakata mkonge kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona mtu aliyemshinda kumwamuru. Ameshindwa mwaka huu, akiwa na miaka sitini na moja, amekaa barazani kwetu hapa Masuguru. Aliyemshinda ni kibarua mwenye kimo cha punje ya hindi, anayeishi ndani ya simu.

Simu aliletewa na binti yetu Fausta wakati wa Pasaka. Fausta yuko Dodoma, anaandika programu za kompyuta, na ukiniuliza hizo ni nini nitakuambia ukamwulize mwenyewe. Baba yake alikuwa akimwuliza kila likizo, na kila likizo alijibiwa vizuri asielewe. Safari hii mtoto alichoka. Akaweka mchezo kwenye simu, akamwambia, "Baba, cheza huu. Ukiumaliza utajua ninachofanya kutwa nzima. Ni kutoa amri tu."

"Kutoa amri?" Eliasi alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hapo umefika kwa mwenyewe."

Mchezo ni wa mafumbo, na uko hivi, kwa kadiri nilivyoelewa mimi. Kuna ghala, kuna mizigo, kuna kibarua. Kibarua hajui lolote. Pembeni kuna amri za kuchorwa: mshale wa kupiga hatua, mshale wa kugeuka, mkono wa kuchukua, mkono wa kuweka, duara la kurudia. Unazipanga moja chini ya nyingine, kisha unabonyeza, na ukishabonyeza huruhusiwi kusema tena. Kibarua anazifuata toka juu mpaka chini. Ukisahau kumwambia ageuke, anagonga ukuta na kuendelea kugonga. Ukisahau kumwambia atue mzigo, anazunguka nao mpaka amri ziishe, halafu anasimama anakutazama.

Mimi sikuona utamu wake. Mtu mzima, mkristo, amestaafu, ana migomba ya kupalilia, anashinda mchana mzima kumhamishia mizigo tajiri asiyekuwepo. Lakini siku alipolipata fumbo la tisa alipiga ukelele nikadhani ameona nyoka. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Tazama!" akaniambia. Kibarua alikuwa anakwenda na kurudi peke yake, mizigo minane, bila kukosea, kwa amri sita tu. Eliasi alikuwa amesimama, mikono nyuma, vilevile alivyokuwa akisimama shambani. Sikuwa nimeiona furaha ile usoni mwake tangu aache kazi. Maharage yaliungua, na sikumsema.

Basi raha ikawa hiyo, na karaha ikafuata mkia wake. Kuna fumbo alilimaliza kwa amri thelathini na moja, mizigo yote ikafika, mchezo ukampa nyota moja kati ya tatu na kumwonyesha kwamba kazi ile inawezekana kwa amri kumi na moja. Alikasirika kama mtu aliyekatwa mshahara. "Mizigo imefika au haijafika?" akaniuliza mimi, kana kwamba nyota ninazo mimi jikoni. Akalirudia siku nne. Alikuwa anakula huku vidole vinapanga amri juu ya meza. Akaanza hata kuniamuru kwa mtindo ule: "Getruda, chukua kikombe. Geuka. Lete." Nikamwambia mimi si kibarua wake, na kikombe afuate mwenyewe, hatua saba, ageuke kulia.

Kilichonichanganya zaidi ni maneno yake kibarua alipopitiliza na kugonga ukuta. Kila mara yalikuwa yaleyale. "Nimemwambia asimame! Nimemwambia!" Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kabla, miaka kumi na moja iliyopita, na kila nilipoyasikia barazani nilikuwa naacha ninachofanya.

Hapa lazima nieleze habari ya Isihaka, maana bila yeye mengine yote ni porojo za simu.

Wakati huo tulikuwa tunaishi nyumba ya kampuni, kwenye shamba la mkonge upande wa Kwashemshi. Baba yake Eliasi alitoka Njombe akaja kukata mkonge hapohapo, wa kwangu vilevile. Sisi ni watu wa mkonge. Isihaka hakuwa mtu wa mkonge. Alikuwa kijana Mzigua wa Misima, upande wa Handeni, mkulima wa mahindi aliyefukuzwa na ukame wa mwaka ule. Hakuwa ametimiza wiki mbili kazini. Eliasi alimpa mstari akate, na mwisho wa mstari ule, kabla ya barabara, palikuwa na mkonge mchanga ambao haukutakiwa kuguswa mwaka mzima. Isihaka alikata wote mpaka barabarani. Aliukata kwa bidii, akafunga mizigo yake ya majani thelathini thelathini, akaipanga vizuri, akakaa juu yake kusubiri sifa.

Kesho yake meneja alimwita Eliasi, na Eliasi akasema alichoendelea kusema miaka yote: "Nilimwambia, ukifika kwenye mkonge mchanga simama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Isihaka akafukuzwa kazi.

Mimi asubuhi ile Isihaka alipopewa mstari nilikuwa nimempelekea Eliasi chupa ya chai shambani, maana aliondoka bila kunywa. Nilisimama hatua tatu nyuma yake. Nilichosikia ni hiki: "Isihaka, kata mpaka ufike barabarani." Basi. Akageuka, akaenda kwa wengine, hata chai akaipokea huku anatembea.

Eliasi hakuwa mwongo. Hilo nililijua na ndilo lililonifunga mdomo. Aliamini kabisa kwamba alisema. Na mimi nikawaza nyumba si yetu, Eliasi akifukuzwa tutalala wapi, Fausta ndio kwanza anaingia kidato cha kwanza, na nani aliniuliza? Hakuna aliyeniuliza.

Sasa turudi kwenye simu. Fumbo la kumi na tisa lilikuwa la foleni ya mizigo inayoishia kwenye shimo, na kila ukibonyeza mizigo inabadilika idadi, kwa hiyo huwezi kumhesabia kibarua hatua. Unatakiwa umwambie arudie, na umwambie pia aone nini ndipo aache. Eliasi alipanga. Kibarua akaokota, akaokota, akafika ukingoni, akapiga hatua nyingine.

"Nimemwambia akiona shimo asimame!"

Akabonyeza tena, kibarua akatumbukia tena. Ilipofika mara ya ishirini hivi akampigia Fausta, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie dhuluma anayofanyiwa. "Simu yako mbovu. Inafuta amri zangu."

"Haifuti, Baba. Nisomee orodha yako."

Akasoma, kidole juu ya kioo. Chukua. Hatua. Rudia. Akasoma mara ya pili, polepole. Amri ya kusimama haikuwepo.

"Lakini niliiweka," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Kilichopo kwenye orodha ndicho ulichosema, Baba. Hicho kingine ulikiwaza tu. Hata mimi hunitokea kila siku kazini, usijali."

Fausta alicheka, akaaga, akakata simu. Eliasi hakucheka. Alikaa na simu ile mapajani, kioo kikazimika, naye bado anakitazama. Siku mbili hakuicheza. Alipalilia migomba, na kuna mahali alipalilia mara mbili bila kujua.

Siku ya tatu nilikuwa nachambua mchele, akaja akasimama mbele yangu. "Getruda, yule Isihaka. Nilimwambia asimame?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema nilichosikia. Mchele ulikuwa kwenye ungo, mlango umefungwa, hakuna meneja, hakuna nyumba ya kampuni, Fausta ana kazi yake. Nikasema, "Mimi nitajuaje maneno ya shambani?"

Akatikisa kichwa, akakubali. Hakukumbuka kabisa kwamba nilikuwepo. Mtu anayekuletea chai humkumbuki, unaikumbuka chai, na pengine hata chai yenyewe huikumbuki.

"Nikifunga macho namwona," akasema. "Namwona anaitikia 'ndiyo, mzee.' Najiona mdomo unafunguka. Lakini maneno siyasikii. Miaka yote nilikuwa nayasikia, sasa siyasikii." Alikuwa amechanganyikiwa kweli, macho yanahangaika kama ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Nitakwenda Misima nikamwulize."

Nikamwambia njia ni mbaya, mvua, mguu wake. Njia ni ya lami na mvua haikuwepo. Alipoona nampinga akasema twende wote, na nikakosa amri ya kukataa.

Tulimpata Isihaka bila shida, kila mtu pale anamjua. Ana shamba zuri la mahindi, ana nyumba ya bati, ana mke, Hafsa, aliyetutandikia mkeka kabla hata hatujasema sisi ni akina nani. Isihaka alitoka shambani na jembe, akatutambua, akaliweka jembe chini taratibu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," tukaitikia wote wawili. Tukaulizana za nyumbani, za mvua, za mahindi, mpaka za nyumbani zikarudi mara ya pili. Kisha Eliasi, badala ya kusema lililomleta, akatoa simu. Nilitamani ardhi ipasuke. Akamwonyesha fumbo la kumi na tisa, akamweleza amri, orodha, shimo, akazichanganya, akaanza upya. Isihaka akainama juu ya kioo kwa adabu. Kibarua akaokota, akaokota, akatumbukia.

"Sasa mzee," Isihaka akauliza, "huyu akitumbukia hivi, kosa ni la nani?"

"La aliyempanga."

"Yeye hana macho?"

"Anayo. Lakini hakuambiwa ayatumie." Eliasi akazima simu. "Isihaka, sikukuambia usimame. Sivyo?"

"Hukuniambia, mzee. Ulisema nikate mpaka nifike barabarani. Nami niliuona kwamba ni mchanga. Nilisimama hata, nikawaza. Nikasema, nani mimi, wiki mbili tu hapa, nimkosoe mnyapara? Nikakata."

"Nisamehe," Eliasi akasema. Mzee wangu hajui kuomba msamaha, neno lilitoka lote kwa mkupuo na machozi yakafuata, akayafuta kwa kiganja kile kilichoshika simu.

"Wewe nilikusamehe zamani, mzee. Nilijua umesahau. Ulikuwa unawaamuru watu arobaini asubuhi moja, ungekumbuka vipi?" Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na ningefurahi angekuwa nayo. "Niliyekuwa namngoja ni mama. Alikuwa amesimama pale pale, na chupa ya chai. Ya rangi nyekundu. Siku tatu nilikaa getini kwa kampuni, nasema leo atasema, leo atasema. Kila asubuhi ulipita, mama, unakwenda kuanika singa za mkonge. Nikakuamkia. Ukaitikia marahaba, ukapita."

Eliasi aligeuka kunitazama. Alikuwa na uso uleule wa siku aliyosoma orodha kidole kikiwa juu ya kioo, anatafuta kitu alichokuwa na uhakika kipo.

"Ulikuwepo?"

Hafsa alikuwa amesimama mlangoni na vikombe, hajui aingie au arudi. Nilitafuta la kusema, nyumba, Fausta, kidato cha kwanza, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini nilipoyapanga moja chini ya jingine sikuona mahali popote mtu aliponiamuru ninyamaze. Lile nilijiongezea mwenyewe.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilisikia."